Safu ya Wazazi

Watu wakinisifu kwamba niliichezea timu ile ya chuo, natamani wanyamaze. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha binafsi, nje kidogo ya Washington, na kabla yetu timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa kichekesho. Hata wanafunzi wake hawakwenda kuitazama. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Mwaka wangu wa tatu tukaanza kushinda. Tukavifunga vyuo vikubwa, tiketi zikawa za kugombaniwa.

Baba hakukosa mechi ya nyumbani. Alikuwa mlinzi wa ofisi moja Rockville. Akitoka kazini anakuja na sare yake vilevile, anaketi safu ya wazazi na kumkaripia refa kwa Kiswahili. Nilikuwa namwonea haya, mjinga mimi. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, lakini kwetu Tanga nani anapoteza muda na hilo? Kaka amekufa, mtoto ni wako. Alinilea Lanham, hukohuko nje ya Washington, tangu nina miaka kumi na mmoja, na nilipokwenda chuo ndiye aliyenijazia fomu. Penye jina la baba akaandika lake, bila kusita.

Wiki moja kabla ya mashindano makubwa, ambayo chuo chetu kilikuwa hakijawahi kuyafikia, ofisi ya michezo ikakagua karatasi za wachezaji. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina jingine la baba. Tukaitwa wote wawili. Mama mmoja wa ofisini alishuku kwamba huyu ni wakala wa wachezaji, watu waliokatazwa vyuoni, aliyejifanya mzazi ili aje kunifaidi baadaye. Wakala! Mtu aliyekuwa akinisongea ugali kabla ya kwenda zamu! Kocha alikuwa ameshanionya mlangoni: ikionekana nimedanganya, sichezi.

Nilianza kueleza mambo ya kwetu, baba mkubwa, baba mdogo. Yule mama akanikatiza, akataka jibu la neno moja: huyu ni baba yako au siye?

Ningeweza kushikilia. Ningesema ndiye, liwalo na liwe. Lakini nilijiona nimekaa benchi na nguo za nyumbani, wenzangu wanacheza, roho ikaniuma.

"Siye," nikasema. "Na fomu aliijaza yeye, mimi sikujua."

Hilo la pili hakuna aliyeniuliza. Na nilijua, nilikuwa naye mezani siku ile. Baba akaniangalia kidogo, kisha akamgeukia yule mama, akamwambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba ni kweli, kosa ni lake, kijana hana habari. Akatia saini walipomwonyesha.

Nikacheza. Tukashinda mechi moja, ya pili tukapigwa vibaya. Sifa yenyewe ndiyo hiyo. Safu ya wazazi Baba hakuonekana tena. Nikimuuliza, ana zamu. Nimemwomba radhi mara nyingi, anasema yamekwisha, anauliza kama nimekula.

Juzijuzi, baada ya sala ya Ijumaa, mgeni kutoka nyumbani alimuuliza mimi ni nani. Baba akafikiri kwanza.

"Mtoto wa marehemu kaka," akasema.

Hakukosea hata neno. Nikampa mgeni mkono, nikatabasamu kama mpumbavu.