Anataka Vieux akuwe parrain wa ndoa yake, na Vieux ni minye

Admin, ficha jina yangu, lakini akili yangu usiifiche, acha bantu baione. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na moya, niko Likasi, nasukaka nywele. Masomo niliiachia njiani, sitabadanganya, lakini dunia naijua: Ndola nimefika, Kolwezi nimefika, Lubumbashi naingia kama mu chumba yangu. Hakuna kichwa kilinishinda kusuka, hakuna mwanaume alinishinda kusema. Isipokuwa moya, na huyo njo ananileta hapa.

Tumuite Champion, juu njo vile anapenda kuitwa. Ni dereva wa kamiyo, anabebaka chokaa ya machimbo ya Kakontwe. Kamiyo zikingoja kupakia, badereva banakaa ku kivuli banacheza karata mu telefone. Si karata ya kamari, ni ile ya baaskari, bachawi na majoka yenye kutema moto. Yeye njo alinifundisha. Alikuwa fiancé yangu, familia yake ilishafika kwetu kujitambulisha, tantine yangu alishaanza kuimba peke yake ku jikoni.

Mule mu muchezo kuko namna moya inaitwa draft. Hauchezi na karata zenye uko nazo. Telefone inakuonyesha karata tatu, unachukua moya, zile mbili zinaenda zake. Tena tatu, tena moya, mpaka unapata fungu nzima, halafu unaenda kupigana na bantu hauwajui. Minye nilikuwa nachagua na macho. Joka ya mabawa ya zahabu? Lete. Joka ingine? Lete! Kumbe joka inaomba nguvu mingi mbele itoke. Unangoja, unangoja, na adui na vipanya vyake vidogo ameshakumaliza. Champion alikuwa anacheka mpaka anashika magoti.

Siku moya rafiki yake akamuuliza mu groupe ya bachezaji: «Champion, na ule fiancée wako wa nywele?» Akajibu na sauti, akasahau minye pia niko mule ndani: «Ule? Ule ni karata ya kujaza, mon cher. Unaichukuaka wakati mbele yako hakuna ya maana. Sasa nimepata ya maana.»

Bakatuma vicheko. Minye nilisikiliza kichanuo iko mu mukono, kichwa ya mama wa watu nimesuka nusu. Nusu ingine niliisuka na nguvu. Mama akalia: «We dada, unanivuta!» Nikamuambia: «Vumilia mama, si weye mwenye navuta.» Kesho yake dada mukubwa wa Champion akafika kwetu kusema ndoa hakuna tena. Tata, baba yangu, hakula siku ile.

Kulia nililia, lakini kidogo, juu machozi inaharibu rangi ya kupaka macho, na yangu ilitoka Lusaka. Nikafungua compte mupya ya muchezo. Jina: Vieux Tshangalele, ni kusema mzee wa ziwa yetu. Picha: samaki. Nikajifunza draft kama mutu anajifunza sheria apate kumushitaki jirani. Kila nilipopigwa sikusema bahati mubaya. Nilijiuliza: karata gani imebakia mu mukono yangu bila kutoka? Ile njo imeniua. Nikaanza kuchukua vidogo kwanza, vyenye kutoka mbio, kisha zile za kuondoa adui ku meza, na joka moya tu, ya mwisho. Kuacha joka ni nguvu sana, bamama munanielewa, yule mwenye mabawa ya zahabu anakuangaliaga.

Siku nilijisikia tayari, Vieux akaingia mu groupe. Nilimupiga Champion asubui, nilimupiga midi, nilimupiga siku ya Mungu tukitoka misa, bote banaangalia. Akanifuata pembeni: «Vieux, nifundishe.» Nikamujibu: «Kijana, mutu anasalimiaka kwanza.» Akaandika: «Jambo sana, Mukubwa, unisamehe.» Yesu! Nilicheka mpaka tantine akakimbia kuona nani amekufa.

Nikamufundisha. Nikamuambia: chukua majoka yote, mwanaume haogopi kungoja. Akachukua. Bakamupiga, vitoto, vizee, kila mutu. Na vile alipigwa, ananiandikia: «Vieux, kosa ni yangu, weye unafundisha muzuri.» Nilikula ile maneno kama sukari.

Sasa sikilizeni. Juma iliyopita akaniandikia kirefu: «Vieux, baba yangu alikufa nikiwa mudogo. Weye njo mukubwa wa kwanza ananielezaka kitu bila kunichekelea. Naoa. Nataka weye ukuwe parrain wa ndoa yetu.» Parrain! Baba wa ndoa, ule anasimama nyuma yao ku kanisa, na kisha bakigombana banamukimbilia! Na yule fiancée mupya akaongeza yake: «Papa Vieux, aksanti. Tangu unamufundisha, akishindwa hatupi tena telefone.»

Tantine anasema: «Enda! Enda na kofia, simama pale mbele, acha Champion afie ku mikono ya padri!» Na minye nataka, bandugu. Nataka kuona ile sura yake wakati padri ataita parrain na minye ninyanyuke na pagne yangu ya kitenge, polepole. Tata yangu hakula siku ile, munakumbuka? Lakini yule binti hakunifanyia kitu. Ananiita papa. Nikianguka pale kanisani kama bomu, yeye njo atapasuka wa kwanza, na arusi yake haitarudi tena.

Leo asubui Champion ameandika tena: «Vieux, tunakushonea costume, tailleur anangoja vipimo. Bega, kifua, na kiuno.»

Bandugu, hii kiuno yangu haidanganyi mutu. Nikituma vipimo, tailleur mwenyewe atapiga yowe. Nikikataa, nimekosa siku niliingoja kwa roho yote. Semeni haraka, munishauri: nitume, ao ninyamaze?