Geti Nililomfungia Babu

Ni mimi nilikosa. Si majirani, si mbuzi, si shetani. Nimechoka kujiambia kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nisomeni tu, na mkinitukana, sawa.

Babu yangu alikuwa Mkamba wa Machakos, lakini kwake kulikuwa Kitengela. Alikuja kufanya kazi ya simiti huko Athi River wakati hapa kulikuwa na maduka ya kuhesabu na pundamilia wakipita nyuma ya choo. Mama yetu alipofariki, ndiye alitulea mimi na kaka zangu wawili. Hata kunisuka nywele alijaribu! Nilikuwa naenda shule nikionekana kama nimetoka kwa upepo, lakini alijaribu.

Ploti yetu ilikuwa na njia katikati. Njia ya miguu, inatoka kwa maboma ya Wamasai kule nyuma, inapita kati ya jikoni na mlango wa nyumba yetu, inaenda shuleni na kisimani. Kando yake Babu aliweka mtungi wa maji na kikombe cha bati kimefungwa kwa kamba, mwenye kiu anywe. Kando ya mtungi, kiti chake.

Kila asubuhi watoto wa shule walipita wakiinamisha vichwa, vile watoto wa Kimasai husalimia mzee, na Babu aligusa kila kichwa. Mmoja mmoja. Hakuruka hata yule wa kamasi. Mkamba! Lakini wazee wa Kimasai wenyewe walikuwa wamemkubali. Mtoto akikosa kupita, jioni Babu anachukua fimbo yake anaenda kuuliza kama ni homa.

Mimi sasa. Kaka zangu walienda mbali kutafuta kazi; mimi nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani na ndoto zangu. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, watu wa Nairobi wameanza kununua ploti huku na kujenga. Nikawaza, nani anajenga nyumba nzuri bila maua? Nikapanda miche ya bogenvila kwa pakiti za maziwa, nikazipanga kando ya njia, nikaandika kwa kipande cha boksi: BUSTANI YA MALKIA.

"Malkia ni nani?" Babu akauliza.

"Ni mimi."

"Haya, Malkia, fagia uwanja basi."

Tulicheka siku hiyo! Hiyo sauti yake ya kucheka bado naisikia.

Shida ikawa mbuzi. Mama Nashipae, jirani yetu wa kule nyuma, alipitisha mbuzi wake hapo kila siku wakienda kisimani. Asubuhi moja nikapata miche yangu yote imebaki vijiti. Nililia mpaka Babu akaniletea chai kitandani.

"Babu, tufunge hii njia."

"Hiyo njia niliikuta. Mimi ndiye nilikuja kujenga kando yake."

"Lakini ploti ni yako! Uko na hati!"

"Niko nayo. Weka miche nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba! Na nani ataona maua yangu nyuma ya nyumba?

Babu akaenda Loitokitok wiki mbili kumsaidia mpwa wake kuvuna nyanya. Kesho yake tu nikaita fundi. Nguzo, waya, na geti la mabati nikalipaka rangi nyekundu mwenyewe, huku naimba. Mama Nashipae akaja na mbuzi wake, akasimama nje ya waya akiangalia fundi akikaza.

"Mzee amesema mfunge?"

Ningesema ukweli angenigombeza, na labda angengoja Babu arudi. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ni yeye amesema."

Aki nilisema hivyo! Bila hata kumeza mate.

"Basi mwambie tumesikia," akasema, akageuza mbuzi.

Babu aliporudi alisimama nje ya geti na mfuko wake wa nyanya, akapiga hodi. Nikakimbia kumfungulia. "Babu, si hapa ni kwako! Unapigaje hodi?"

"Kwangu hakukuwa na mlango wa kupigia hodi," akasema.

Hakunipigia kelele. Heri angenipiga! Aliuliza tu, "Na watu watapitia wapi?" Nikamwambia watazunguka na barabara, si mbali. Akaangalia miche yangu mipya, akaniangalia mimi. Nafikiri aliona vile nimefurahi, na hiyo ndiyo ilimfunga mdomo. Alinipenda kuliko vile nilistahili.

Kesho yake alibeba kiti akaenda kukaa nje ya geti, kwa vumbi la barabara. Watoto walipita upande ule mwingine, mbio, vichwa juu. Mama Nashipae alipita.

"Supa, mama!" Babu akamsalimia kwa Kimasai.

"Ipa," akajibu, kwa adabu, bila kusimama.

Babu alirudisha kiti ndani saa nne. "Watoto wa siku hizi wanakua haraka," akaniambia. Mimi nilikuwa namwagilia maua. Nilijua kwa nini hawasimami. Nikaendelea kumwagilia.

Miezi mitano hivyo! Babu alikuwa anauliza, "Nimekosea watu wapi?" Na mimi, mjinga, nasema, "Hapana, Babu, ni vile wako na kazi nyingi."

Halafu siku moja nikapata mteja Kajiado, anajenga nyumba, anataka miche. Niliondoka asubuhi Babu bado amelala. Nikafunga geti na kufuli kwa nje, mbuzi wasiingie, nikaenda na funguo mfukoni. Kule Kajiado mteja alinisifu. Nilirudi na furaha, nikiwaza nitamnunulia Babu koti.

Nilikuta waya umekatwa na watu wamejaa uwanjani. Kiti kimeanguka. Babu hayuko, amepelekwa hospitali.

Mama Nashipae alikuwa ameketi kando ya mtungi. "Nilisikia sauti yake asubuhi, nikipita na mbuzi," akaniambia. "Kama mtu anaita. Nikasema, huyu mzee si alitufungia? Hataki watu. Nikaenda. Nikirudi mchana bado nasikia, lakini kidogo. Ndipo nikaita vijana wakate."

Asubuhi mpaka mchana! Na kabla ya geti, kwa hiyo njia, hangelala chini dakika tano bila mtu kumwokota.

Daktari alisema ni kiharusi. "Mngemleta mapema..."

Babu alirudi nyumbani bila sauti, na mkono wa kulia umekufa. Mama Nashipae akaja kumwona na msichana wake, Nashipae mwenyewe, wa darasa la pili. Mtoto akasimama mbele ya kitanda akainamisha kichwa. Akangoja. Babu akajaribu, mkono ukakataa. Basi mtoto akauchukua ule mkono na mikono yake miwili, akauweka juu ya kichwa chake.

Hapo nikavunjika. Nikasema mbele yao wote, "Babu hakusema tufunge. Ni mimi. Yeye alikataa."

Mama Nashipae alifunika uso na shuka yake. "Na mimi nilikuwa nampita hivyo tu," akasema. "Miezi yote hiyo."

Babu aliniangalia sana. Machozi yalimtoka jicho moja. Sijui yalikuwa ya nini, na hakuwa na mdomo wa kuniambia. Wiki iliyofuata alituacha.

Baada ya mazishi niling'oa geti na nguzo zote. Lakini kule nyuma, shamba lililokuwa linafuata letu lilikuwa limeuzwa, na mwenyewe akajenga ukuta wa mawe. Njia sasa inaingia kwetu na kuishia hapo. Mama Nashipae hunisalimia, amenisamehe. Anazunguka na barabara kama wengine.

Wewe uko na mzee nyumbani, tafadhali, usimsemee neno hajasema. Na kama umeshasema, nenda leo ukaliondoe, akiwa bado anaweza kujibu.

Mimi kila asubuhi najaza mtungi. Kikombe bado kimefungwa kwa kamba. Jioni namwagia maua yale maji, yakiwa vile vile, hakuna aliyekunywa.