Mbuzi Wanne wa Tonton

Mwendesha mashtaka aliuliza akitabasamu, utadhani kesi ameshaimaliza: "Mume ameketi, anavua viatu. Hana fimbo, hana panga. Sasa wewe mama, mchi wa kinu kichwani mwake wa nini?"

Dada yangu alijibu akitazama chini. "Kila mara alikuwa anavua viatu kwanza. Ili asiteleze akinipiga."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka! Nilitamani kuwatia pilipili machoni. Mahakama ikiamua kwamba alimuua mumewe kwa makusudi, dada atazeekea gerezani, nao wanacheka. Hata huko rumande anakongojea hukumu, mfungwa mwenzake akiangusha kandambili, dada anajifunika kichwa kwa mikono.

Wakili wake alieleza kwamba mtu aliyepigwa miaka kumi na moja hangoji kipigo ndipo aogope.

"Kama aliogopa, si angerudi kwao?" mwendesha mashtaka akadakia.

Eti angerudi! Alirudi mara nne. Kwetu mke akikimbia, wakubwa wanaketi, upande wa mume unaleta mbuzi wa faini, mbuzi analiwa, mke anarudishwa. Tangu papa, baba yetu, afariki, kazi hiyo ilikuwa ya tonton, mdogo wake. Na aliifanya kwa bidii, hasa ile ya meno.

Upande wa mashtaka ndio uliomwita, aje aseme ndoa ilikuwa ya amani. Alikuja na koti lake la sherehe. Lakini mwache tonton ajisifu, atakupa hata siri za kaburini.

"Bon, Bwana Juge, mimi iko mukubwa wa familia. Matatizo yao nilimaliza mimi mwenyewe, mara ine!" Akahesabu vidole. "Ya kwanza alikuja jino imetoka. Ya pili, mukono imevunjika. Ya tatu, mimba imeharibika. Ya ine, siku tatu hasemi kabisa. Kila mara mbuzi ikaletwa, tukakula, nikamurudisha."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Hata mara ya nne? Naye hasemi?"

Tonton alishangaa swali gani hilo. "Sasa? Mbuzi tulikuwa tumeshakula."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Dada alipewa adhabu ndogo, akatoka. Sasa anakaa kwangu. Tonton anazunguka mtaa mzima akijigamba kwamba yeye ndiye aliyemwokoa. Mzee hana haya hata chembe! Wiki iliyopita alikuja kumsalimia, akainama pale mlangoni, akaanza kuvua viatu.

Dada alikuwa ameshajifunika kichwa.

"Alors," mzee akaniuliza, kiatu mkononi, "sasa anaogopa nini?"