Kapiteni wa Peckham

Viatu vyangu vya kwanza hapa London vilikuwa vya mwanamke. Sikujua. Nilivitoa kwenye mfuko wa misaada wa kanisa, vyeusi, vina manyoya ndani, vikanitosha, nikavivaa baridi yote ile. Aliyenifumbua macho ni kinyozi mmoja wa Peckham, Mkongo mwenzangu. Alitazama chini akacheka mpaka mashine ikamteleza, nikabaki na kinjia cha panya juu ya sikio la kushoto. Lakini siyo habari ya viatu ninayotaka kuandika. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nikipotea mnivumilie, nitarudi.

Basi saluni nzima ikacheka, na mimi nikatafuta kitu cha kufunika aibu. Kinyozi akauliza, "Na kule nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani, mzee wa manyoya?" Nikausikia mdomo wangu unajibu, "Kapiteni. Boti kubwa, ziwa Tanganyika." Kicheko kikakatika papo hapo. Mtu akanipisha kwenye kiti chenye mto.

Boti ilikuwepo kweli. Niliishi ndani yake miaka mingi, lakini jikoni. Nilikuwa mpishi. Usukani niliuona nikiwa nyuma ya mgongo wa kapiteni, na birika mkononi.

Uongo ule ukanizoea. Kanisani wakaniita Papa Kapiteni. Binti yangu alizaliwa hapa, akakua akijua hivyo. Mke wangu alijua ukweli, akanyamaza; alikuwa ananitazama tu, kama unavyotazama sufuria inayokaribia kumwagika. Halafu binti akaolewa na kijana wa Barking, na baba wa kijana, mkwe wangu, alikuwa makanika wa boti kule Kalemie, bandari ya ziwa lile lile, kwa maisha yake yote ya ujana. Siku ya harusi aliniuliza, "Mkwe, uliendesha boti gani?" Nikajibu, "Kubwa." Nikaenda kuchukua soda, sikurudi kwenye meza ile.

Miaka miwili nilimkwepa. Kule kwetu mkwe siyo mtu wa kuchezea. Huwezi kumbishia mbele ya watoto, huwezi kumkatalia, na ukiaibika mbele yake, aibu inaingia na kwenye nyumba ya binti yako. Ndicho nilichoogopa.

Kumbe binti, nilipoacha kazi ya kusafisha maofisi, alinitayarishia zawadi. Alikodi boti ya injini, siku nzima, kwenye mfereji wa Uxbridge. Akaninunulia na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu. "Papa, leo unatuendesha wewe. Na papa mkwe nimemwalika."

Usiku ule sikulala.

Asubuhi tukabadilisha treni Rayners Lane. Niliingia duka moja karibu na stesheni kununua pilipili, mwenye duka Mhindi akanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa, safi kuliko changu, akanishauri na ndimu. Ningekaa naye mpaka jioni. Mke wangu akanivuta mkono. "Twende, kapiteni."

Mkwe alitungojea kwenye boti, amevaa suti. Mkewe alishafariki, alikuja na mwanawe tu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mkwe, usukani ni wako."

Kusema kweli, asubuhi ile ilikuwa tamu. Mfereji unapita katikati ya maziwa. Watu walichimba kokoto zamani, mashimo yakajaa maji, sasa bata wanaogelea humo kama wana hati ya kiwanja. Usukani niliushika kwa jasho, nikaingia kwenye matete mara mbili. Mara zote mbili mkwe alisema, "Kapiteni anatuonyesha ndege." Tukacheka. Jua likatoka, binti akavua koti, mke wangu akaanza kuimba nyimbo za kwaya, na nikaanza kuamini kwamba nitapona.

Njiani kuna loki. Ni chumba cha maji chenye milango kila upande: unaingiza boti, unafunga, maji yanapanda au yanashuka, unatokea upande wa pili. Kwenda tulikuwa tunapanda, mkwe akashika kamba. Kurudi tukashuka. Mkwe alikuwa anakunywa chai, nami kwa kiburi nikasema, "Kamba niachie mimi." Nikaizungusha kwenye nguzo ya chuma pale ukingoni, nikaikaza, nikapiga fundo kama la kufungia mbuzi wa sikukuu. Mkwe aliona. Aliacha kunywa. Akatazama fundo, akanitazama mimi, akatazama chai yake.

Mkwe mdogo, yule mume wa binti, alikuwa nje mlangoni. Akazungusha chuma, maji yakaanza kutoka. Boti ikashuka kidogo. Halafu upande wangu ukakataa kushuka, kamba imeushikilia. Boti ikalala. Sufuria ya sombe, kisamvu chetu tulichokuja nacho, ikateleza sakafuni, birika likafuata, binti akashika dirisha.

"Papa! Fanya kitu!"

Mimi nimesimama na kofia. Mkwe amenyanyuka nusu, midomo imebana, anasubiri kapiteni aamuru. Heshima ilikuwa inatuzamisha. Nikamwona binti yangu miguu inateleza, na mdomo wangu, ule ule wa saluni, ukafunguka:

"Mkwe, mimi nilikuwa mpishi tu! Tuokoe!"

Lo! Yule mzee wa suti aliruka kama amefunguliwa minyororo. "Funga maji!" akampigia kelele mwanawe. Halafu kwangu, mkono mbele: "Mpishi, kisu!" Kisu nilikuwa nacho, kisu sijawahi kukosa. Akakata kamba, boti ikaanguka majini puu, ikatulowesha wote, ikatulia.

Kisha mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya sombe.

"Papa, seriously?" binti akasema. "Mpishi?"

"Nilijua tangu harusi," mkwe akasema, akikamua tai yake. "Kila hadithi yake ya ziwani watu waliyonisimulia pale ilikuwa na sahani ndani."

"Na ulinyamaza?" binti akamgeukia.

"Ningemwaibisha mkwe mbele ya mtoto wake?"

"Basi ungeacha tuzame!" nikamwambia.

"Hapana. Nilipanga kusema maji yakifika kwenye soksi."

Hapo na mimi nikashindwa, nikacheka mpaka machozi. Binti akanikumbatia na maji yake yote. Nikampa mkwe usukani, nikaingia jikoni, jiko dogo la moto mbili, nikasonga bugali na kukaanga samaki kwa ile pilipili na ndimu. Harufu ilitoka mpaka ukingoni. Watu waliokuwa wanatembea walisimama. Mkwe alikula mara tatu, mkono mmoja kwenye usukani, na kila alipomaliza aligonga sahani: "Mpishi!" Nami naitika, "Naam, kapiteni!"

Tulipofika kurudisha boti, nilitundika kofia kwenye msumari karibu na jiko. Nikashuka. Binti akaita nyuma yangu, "Papa, kofia yako!"

Nikapunga mkono bila kugeuka, nikaendelea kutembea kuelekea stesheni. Sijarudi kuichukua mpaka leo.