Pua Yangu na Utando wa Samaki

Siku ya kwanza kazini, katika maabara ya samaki kule Ruiru, Mkuu wa Maabara hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama nakula samaki.

"Hapana, madam. Kwetu Kamenu hatukuwa tunakula."

"Basi ni wewe nataka. Pua yako haijazoea kuvumilia."

Kazi yetu ilikuwa kuwavisha samaki. Tulipika wanga wa muhogo na maji ya shubiri, tukaupoza ule uji mwepesi, tukachovya minofu ya tilapia na kuianika kwenye waya mbele ya feni. Ulipokauka ulibaki utando usioonekana, unaoliwa pamoja na samaki. Uliizuia hewa, mafuta ya samaki yasichache upesi. Niliipenda saa ile ya kukausha: feni ikinong'ona, minofu ikimeremeta, nami nikiota macho wazi.

Mashine zilipima mengi, lakini neno la mwisho lilikuwa la pua. Kila asubuhi nilifungua kisanduku cha minofu, nikanusa, nikaandika: mbichi, au ameanza kuharibika. Nilipohamishiwa Thika, sifa za pua yangu zilinitangulia. Niliringa nayo, sitaficha.

Halafu homa ikanilaza wiki mbili. Niliporudi nilifungua kisanduku, nikasikia harufu ileile safi ya bwawa. Nikaandika: mbichi. Kikapelekwa kwa Mama Auma, mkaangaji wa Mwihoko aliyetujaribia samaki.

Alipiga simu kabla ya saa sita. "Mzee, hii samaki imeoza! Nimetupa yote, na customer walikuwa wameketi wakingoja. Kwani huskii harufu?"

Nilifungua chupa ya siki, nikavuta. Hakuna kitu. Asubuhi nilikuwa nimenusa kumbukumbu tu.

Stima ilikuwa imepotea usiku wa kuamkia siku ile. Ningeweza kulaumu friji. Nilienda kwa Meneja wa Ubora.

"Bosi, pua yangu imekufa."

Alilifungua daftari langu, akasoma: mbichi. "Ungesema ni stima, ningeamini."

"Najua. Na kesho mtu angekula."

Akalifunga daftari langu taratibu, akanipa mkono. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Sasa nimestaafu. Daktari alisema pua yangu haitapona. Lakini ndotoni nanusa kila kitu, na mke wangu huniuliza kila asubuhi, "Leo ulinusa nini?" Juzi nilimjibu kwamba nilimnusa yeye, na yale mafuta ya nywele ya ujana wake.

"Hayo niliacha zamani," akasema.

Jioni alirudi ameyanunua. Akayapaka, akaketi karibu nami.