Bakuli Mbichi za Mzee wa Japani

Hii stori naionea aibu sana, na kama Wanja hangeanza kuisimulia pale kanisani ningekaa nayo tu, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu.

Mimi nafinyanga vyungu vya maua hapa Ruiru, Wanja anafinyanga vyake Thika, na chuo tulichosomea kilipopata nafasi mbili za kutembelea mji wa wafinyanzi huko Japani, tukapelekwa sisi wawili. Mji wenyewe unauzunguka kwa miguu, vijia vyembamba vya kupanda mlima, kuta zimejengwa kwa mitungi ya zamani, na kila mlango tuliopita watu walimwona Wanja tu. Nyanya mmoja alimshika mikono akasema hiyo ni mikono ya fundi (yangu pia nilikuwa nimeitoa mfukoni, hakuna aliyeiangalia).

Sasa, tulikuwa tunaenda kwa mzee ambaye angechagua mmoja wetu abaki kwake mwezi mzima akijifunza. Wanja akasimama kupigwa picha na yule nyanya. Mkalimani aliyekuwa anatutembeza akaniambia, "Tumngoje kidogo."

Nikasema natangulia polepole. Polepole gani, nilipanda ule mlima kama naenda kuzima moto, nikakuta mlango wa mzee uko wazi, hakuna mtu, ni bakuli tu ambazo hazijachomwa, zimepangwa juu ya ubao zikikauka.

Nikataka anikute nimeshika moja kama mtu anayejua kazi. Nikaiinua kwa ukingo (kitu nawakataza wanafunzi wangu kila siku), nikabaki na kipande mkononi. Nikajaribu kukibandika kwa mate, kikakataa. Nikaona niifiche nyuma ya zingine, kiwiko kikagonga ubao, zote zikaja chini, na mimi nikaanguka juu yake, vumbi hadi kwenye nyusi.

Nikasikia watu wanavua viatu mlangoni. Vyangu vilikuwa bado miguuni. Mzee, mkalimani, Wanja. Wanja akapiga magoti, akainama, akaniombea msamaha, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

Mzee akasema kitu.

"Anauliza fundi ni nani kati yenu," mkalimani akanieleza.

"Ni yeye," nikajibu.

Wanja akabaki ule mwezi. Mimi nikarudi Ruiru.

Nimeapa sitagusa tena kazi ya mtu kama mwenyewe hayuko. Kuacha wivu ndio sijaapa, kwa sababu wateja wangu siku hizi wananiuliza Wanja anapatikana wapi huko Thika, na mimi nawaelekeza vizuri, hadi getini kwake.