Arlys Kucera na Mlango wa Saa Moja

Saluni ya Arlys Kucera ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, viti viwili na kioo kimoja, na pale Elm Fork, Iowa, hapakuwa na mahali pazuri zaidi pa kujua ni nani anapanda na ni nani anashuka. Kila mwaka wa mchujo wanaoutaka urais humiminika Iowa, maana chama huanzia huko kuwapepeta. Wanawake wakishakaa kitini, kichwa kimejaa povu, walimwambia Arlys yale ambayo hata waume zao hawakuyasikia. Yeye alisikiliza, akacheka, na hakumpelekea mtu maneno ya mtu. Ndiyo maana kwa miaka mingi walimchagua kuwa mwenyekiti wa mkutano wa mchujo wa kata yao, ingawa wagombea aliowapenda yeye hawakushinda hata mara moja.

"Mkono wako una nuksi, shoga," Bernita Folkers alimwambia. "Ukimgusa mgombea tu, kaanguka."

"Basi nitamgusa wa kwako."

Bernita alikuwa jirani yake na rafiki yake tangu shule, na katika siasa alikuwa na kanuni moja tu: kumfuata anayeongoza.

Kiangazi kimoja kabla ya mchujo alikuja Gavana Corinne Haldane, kutoka jimbo dogo la magharibi ambalo wengi hawakumjua kiongozi wake. Walikuja watu tisa kumsikiliza kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na wawili kati yao walifuata pai tamu zilizogawiwa tu. Delmar, mumewe Arlys, mkulima wa mahindi na mfugaji wa nguruwe, mtu asiyetoa neno bila sababu, alisimama akauliza habari za wodi ya wazazi iliyofungwa, hata wajawazito wa Elm Fork wakawa wanasafiri saa nzima kwenda kujifungua. Wagombea wengine wangemmwagia hotuba. Gavana alikuna shingo.

"Kusema kweli sijui, mzee," alisema. "Nipe wiki mbili."

Baada ya wiki mbili simu ililia saluni. Arlys alidhani ni mteja anataka nafasi. Alikuwa gavana mwenyewe, anamtafuta Delmar. Alikuwa ameshazungumza na madaktari na wakunga, akaeleza nini kinawezekana na nini hakiwezekani. Delmar alisikiliza akiwa amesimama na viatu vyake vya matope juu ya sakafu iliyopigwa deki, na Arlys hakumkemea. Tangu siku hiyo wote wawili walikuwa watu wa Haldane.

Kura za maoni zilimpa Haldane asilimia moja. Wakati mwingine hazikumtaja kabisa. Kisha mavuno yakiwa yameanza, ukafanyika mdahalo kwenye televisheni, na huyo mama asiyejulikana akawajibu vigogo mmoja mmoja kwa upole hadi wakakosa pa kushika. Ndani ya wiki mbili alikuwa wa tatu, kisha wa pili. Aliporudi Elm Fork, ukumbi wa wazima moto ulijaa hadi nje. Arlys alikuja na sahani ya keki alizooka mwenyewe, lakini walinzi hawakumruhusu kusogea. Alimsikiliza kupitia kipaza sauti, amesimama uani kwenye upepo, kisha akawagawia keki polisi wa zamu.

"Umeumia?" Delmar alimuuliza wakirudi.

"Hapana. Ndiyo kupanda kwenyewe huko." Alikuwa na furaha ya mama aliyemwoza binti yake mbali.

Furaha haikudumu. Haldane aliulizwa kuhusu sheria ya kodi aliyoitia saini zamani, akajibu hivi asubuhi na vile jioni, na televisheni zikayarusha majibu yote mawili yakifuatana. Alishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Watumishi wake wakaanza kuhama, na wateja waliokuwa wakivaa beji yake kifuani sasa walikuja bila beji, wakazungumzia hali ya hewa.

"Kibao chako cha Haldane bado kipo uani?" Bernita alimuuliza.

"Ardhi imeganda, imekishika."

"Ikiyeyuka je?"

"Ikiyeyuka nitakipigilia zaidi."

Na kweli, majira hayo ya baridi ndipo Arlys alipofanya kazi kuliko wakati wowote. Akifunga saluni alivaa makoti mawili akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Hakumtetea gavana kwa jibu lile, alisema alikosea. Kisha alisimulia ile simu ya wiki mbili. Wengine walimkaribisha kahawa, wengine walimfungia mlango, naye akaendelea na nyumba ya pili.

Usiku wa mkutano theluji ilianguka tangu alasiri. Watu walikusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kila kundi upande wake. Kanuni zilikuwa wazi: asiyekuwa ndani au kwenye foleni ifikapo saa moja hahesabiwi, na kundi lisilotimiza idadi inayotakiwa linavunjwa. Saa moja ilipofika Arlys alichungulia nje, hakuona mtu, akafunga mlango. Delmar hakuwa amefika.

Walihesabu. Kundi la Haldane lilihitaji watu kumi na wanne. Walikuwa kumi na watatu, pamoja na Arlys.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Delmar, kofia imejaa theluji, na nyuma yake Waldo, mumewe Bernita. Gari la Waldo lilikuwa limeteleza mtaroni, na Delmar, aliyekuwa akipita na pikapu yake, alisimama akalivuta.

Kila mtu aliweza kujumlisha kumi na tatu na moja.

"Waache waingie, Arlys," alisema mmoja wa kundi la Haldane. "Walikuwa wanasaidiana."

Hata Bernita aliongeza, "Shoga, waume zetu hao. Nani atalalamika?"

Arlys alimtazama mumewe. Alijua miezi yote ile ilikuwa imesimama pale kizingitini.

"Mzee, saa imepita," alisema. "Mnaweza kuingia mkae pale kwenye viti vya watazamaji. Kuhesabiwa, hapana."

"Nilidhani utasema hivyo," alisema Delmar, akavua kofia, akaenda kukaa. Waldo alimfuata ameinamisha kichwa.

Bado palikuwa na nafasi ya kushawishiana. Arlys alimkabidhi kazi ya uenyekiti msaidizi wake, akavuka sakafu hadi kundi la Bernita.

"Nahitaji mmoja tu."

"Tungekupa," alisema Bernita, "lakini wetu anaongoza."

Wengine walicheka. Hakuna aliyehama. Kundi la Haldane likavunjwa. Wengine wakaenda huku, wengine kule, na Arlys akachukua koti lake akaketi kando ya Delmar mpaka mkutano ulipokwisha.

Juma hilohilo Haldane alijitoa. Kabla ya kuondoka Iowa aliwapigia simu waliosimama naye, na zamu ya Arlys ilipofika, Arlys hakutaka gavana aisikie habari ya ule mlango kwa watu wengine. Alimweleza yote.

Gavana aliuliza, "Na mzee amekusamehe?"

"Amekula chakula chote."

Gavana akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka kwa muda mrefu.

Kata ilipokutana majira ya kuchipua kuchagua mwenyekiti, Bernita alinyoosha mkono kabla ajenda haijasomwa. "Mimi nampendekeza Arlys," alisema. "Aliyemfungia mumewe hatanifungulia mimi, wala hatamfungulia mtu mwingine yeyote." Hakuna aliyetaja jina la pili.